Siku Nilipomwomba Mama Afute Jina Langu

Mama yangu alikuwa mjane mwenye shamba la kahawa huko Kyondo, mlimani. Alipoandika wosia alinitaja mimi, binti yake wa pekee na kitindamimba, kuwa msimamizi: mtu wa kuhakikisha kwamba akifa kila kitu kinakwenda alivyotaka. Mimi naishi Bwera, mji wa mpakani, nauza vitenge sokoni. Kaka zangu wawili walipopata habari, simu hazikuisha.

"Umeolewa," kaka mkubwa aliniambia. "Shamba la baba yetu utaligawa wewe kama nani?"

Nilivumilia miezi kadhaa. Mume wangu naye akaanza kununa. Mwishowe nikapanda boda mpaka Kyondo, nikamkuta mama akichambua kahawa uani, nikamwambia hata kabla sijakaa: "Mama, nitoe kwenye ule wosia. Weka mtu mwingine."

Hakuuliza kwa nini. Aliendelea kutupa buni mbovu pembeni, kisha akasema, "Basi twende wote mjini Kasese kwa wakili, mwanangu, nisije nikakosea."

Wakili alitueleza kwamba hakuna haja ya wosia mpya. Ingetosha karatasi moja ya nyongeza, ya kuondoa jina langu na kuweka jingine, na mama aitie sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiorithi kitu.

"Sasa tuandike nani?" wakili akauliza.

Mama alinitazama. Nilijua ananipa nafasi ya mwisho. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

"Andika yule Mwislamu wa Bwera anayenunua kahawa yangu," akasema. "Miaka yote hii hajawahi kunichezea mizani."

Nilicheka kidogo, kwa kupata nafuu. Kicheko kile nakijutia hadi leo.

Yule mnunuzi alikubali. Akawa anapanda Kyondo hata msimu wa kahawa ukiisha, wanakaa na mama wakizungumza. Mimi nilipokwenda tuliongea habari za watoto wangu na za soko, basi.

Mwaka jana mama alifariki. Asubuhi ya mazishi kaka zangu walikuwa wameshaanza kuchimba kando ya kaburi la baba, mnunuzi alipofika.

"Poleni, ndugu zangu," alisema kwa Kiswahili chetu cha mpakani. "Lakini mama alitaka kulala kule juu, kwa migomba. Karibu na mutoto."

"Mtoto gani?" kaka mkubwa akauliza.

Akatutazama mmoja mmoja. "Hamujui? Mutoto wake wa kwanza. Binti. Aliishi siku sita tu. Iko pale penye mawe matatu."

Mawe yale nilikuwa nikiyakalia utotoni, nikila muwa. Kaka mkubwa alichukua jembe lake, akapanda huko.

Nilimvuta mnunuzi kando. "Alikwambia lini?"

"Siku ya kwanza tu, dada. Alisema musimamizi lazima ajue kwanza atamulaza wapi. Alisema alikuwa anangoja kukuambia wewe."

Kisha akanitajia jina la dada yangu. Nililisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu baki, huku watu wakiimba nyimbo za kanisani nyuma yetu.

Mali aliigawa yeye kama ilivyoandikwa. Kaka zangu, ambao mimi wasingenipa nafasi hata ya kufungua mdomo, walimsikiliza wametulia, wakatia sahihi, nami nikatia yangu.

Sasa mnunuzi hupita sokoni kunisalimu. Juzi nilijikaza nikamuuliza mama alimwambia nini kingine.

"Alikuwa anaogopa radi sana," akasema. "Tangu utoto. Mukiwa wadogo, ikipiga, alikuwa anaimba kwa nguvu ili musijue."

Nyimbo zile nazikumbuka vizuri. Tulikuwa tukipiga makofi na kumwomba aongeze. Miaka yote nilidhani mama anapenda mvua.