Nilivyowaficha Mafundi Siku ya Wageni

Naandika haya uso ukiwa bado unawaka kwa aibu. Shangazi Mariamu ana karakana ya kushona sare za shule hapa mtaani kwetu, Nyamirambo. Ilikuja faksi kwamba wageni wawili wanatutembelea, wa kampuni yenye ofisi London na New York. Kampuni hiyo hununua sehemu ya biashara, huikuza kwa miaka kadhaa, kisha huiuza kwa faida. Bila fedha zao, shangazi hapati cherehani mpya.

Hayo nilijisomea mwenyewe, nikajiona mtaalamu. Nilifagia kila uzi, nikafunika cherehani kwa vitambaa vyeupe kana kwamba tunapokea wakwe. Mafundi, kwa sababu ya kandambili zao, niliwafungia stoo.

Wageni walipofika, mmoja wao alizunguka karakana, kisha akaniuliza kwa upole biashara hii ilifungwa lini.

Kabla sijajibu, sauti ikatoka stoo: "Karimu we, tufungulie, huku iko joto!"

Shangazi akafungua. Mafundi wote walikuwa wameketi juu ya marobota, wakitiririka jasho.

Shangazi akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake. "Mtoto wangu," akasema, "biashara yangu iko hawa."