Baba Katikati ya Gitaa

Juzi, tukiwa tunasahihisha mitihani katika chumba cha walimu, kijana anayefundisha hesabu alifungulia muziki kwenye kompyuta yake. Kinanda kilitangulia peke yake, kikikimbia kama panya darini, na kabla ngoma hazijaingia mimi nilikuwa nimekwisha kuzigonga mezani kwa kalamu nyekundu. Ulikuwa ule muziki wa metali, gitaa za kasi kana kwamba mpigaji anafukuzwa, na katikati kwaya inaimba utadhani ni Pasaka. Mimi ni mama wa watu, mwalimu wa historia, kitenge na miwani. Kijana alinikodolea macho.

"Mama, weye unajua hii?"

"Hii njo muziki ya ku nyumba yetu," nikamjibu. Akacheka, akidhani namtania.

Sikumtania. Wewe uliyekulia mtaani kwetu Katuba miaka ile utanielewa: barua za watu wengi zilikuwa kaseti. Mtu aliye mbali alinunua kaseti iliyotumika, akaziba vile vishimo vya juu kwa karatasi ili ikubali kurekodiwa, akasema yake, akampa msafiri. Baba yangu alikagua mabehewa ya treni kule Sakania, mpakani, na kaseti za bei rahisi huko zilitoka ng'ambo, Zambia. Aliyoipata ilikuwa na picha ya askari mwenye upanga amepanda joka, na ndani yake muziki huohuo wa kijana. Alirekodi katikati ya upande wa pili, ule unaoanza kwa kinanda kile, badala ya mwanzoni. Nadhani alisahau kuirudisha nyuma; baba hakuwa mtu wa kuhangaika na vitufe.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyekuwa mwenye redio, na ndiye aliyetunga sheria. Ilikuwa marufuku kuipeleka kaseti mbele hadi kwenye sauti. Mtu akitoka Sakania, alisema, haanguki tu sebuleni. Anatembea njia, nawe unamngoja. Basi kila Jumapili baada ya misa tulimngoja baba kwa nyimbo tatu nzima. Bibi alichambua maharage, mimi nilitwanga sombe, majani ya mihogo, na kwa kuwa ngoma za wale watu hazikutulia mahali pamoja, mchi wangu nao ulipotea njia. Bibi alinikemea bila kuinua macho. Yeye alizijua zile ngoma zote, na sehemu za gitaa alizifuatiza kwa kuguna puani.

Jirani yetu, mama wa maombi ya uamsho, alipoliona lile joka alisema huo ni muziki wa shetani. Bibi alikuwa ameimba kwaya ya parokia tangu ujana wake, na alimsikiliza kwa adabu.

"Shetani iko na wakati ya kufanya répétition yote hii?" akamwuliza, kama mtu anayejua mazoezi ya kwaya yanavyochosha.

Jirani akavuta kigoda. Akakaa, akala bukari, ugali wetu, pamoja nasi.

Kisha, katikati ya wimbo wa nne, baba aliingia. "Mama, batoto, jambo yenu. Miye niko muzima." Nasi tulimjibu kwa sauti, kila Jumapili, "Na siye tuko bazima, baba." Alisema kazi ni nyingi na mvua haikatiki. Alimwomba bibi asijitwishe maji mwenyewe. Mwisho akafika kwangu: "Na ule mutoto wangu mwanamuke, mumwambie nikirudia nitamuletea..."

Hapo gitaa ziliingia. Hatukujua kama betri zilimwishia au alibonyeza pasipopaswa. Bibi ndiye aliyeamua. "Basi. Bamemwita ku kazi," alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Nilisali neno lile lililokosekana liwe viatu. Kuna Jumapili nilikuwa na hakika kabisa kwamba ni viatu. Baba hakurudi kunieleza. Homa ilimchukua kulekule Sakania, akazikwa kabla bibi hajapata nafasi kwenye treni. Sheria haikubadilika. Nyimbo tatu, kungoja, kusikia kwamba yeye ni mzima, kujibu kwamba nasi ni wazima. Nilikuwa na miaka kumi na sikuona ajabu yoyote. Hatimaye redio iliutafuna utepe palepale penye sauti. Bibi hakugomba. Aliuzungusha uliobaki kwa kalamu, taratibu, akaifungia kaseti katika kopo la maziwa, na kopo lenyewe lilipotea katika kuhamahama baada ya yeye kufariki.

Siku hizi wanangu hutumiana sauti kwa simu, na huziharakisha ili ziishe upesi. Hakuna tena anayetembea njia. Bibi angewapiga marufuku wote.

Nilimwomba yule kijana auache muziki uendelee. Nilingoja nyimbo zangu tatu. Wimbo wa nne ulipofika mahali pake, gitaa zilinyamaza, kikabaki kinanda peke yake, kikipigwa polepole. Ni pazuri kweli, na ndipo pekee palipo na utulivu katika albamu nzima. Sikuwahi kupasikia, maana baba alikuwa amepakalia kwa sauti yake. "Na siye tuko bazima," nilisema chinichini, nikatazama saa ya kompyuta. Gitaa zilirudi palepale ninapopajua. Baba alikuwa amezungumza dakika moja na sekunde kumi tu. Maisha yangu yote nimeamini kwamba baba alizungumza nasi sana, na uchungu ambao sikuupata nikiwa mtoto ulinishika pale, mbele ya mitihani ya watoto wa watu.

"Mama, iliisha?" kijana akauliza, kwa kuwa nilikuwa nimeacha kugonga meza.

"Basi," nikamwambia. "Bamemwita ku kazi."

Nikarudi kwenye mitihani yangu.