Siku Bibi Mkasi Alipotakiwa Kusimama

Mtaani kwetu mama mkwe wangu anaitwa Bibi Mkasi. Ameshona sare za shule miaka arobaini kwa cherehani ya kukanyaga, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wenyewe. Ana miaka sabini na sita. Mwezi uliopita aliteleza kwenye ngazi zilizolowa, mwanangu akamdaka, wakaporomoka pamoja mpaka chini. Bibi alivunjika mfupa wa paja, juu kidogo ya goti. Mwanangu, kijana wa miaka ishirini na minne, alivunjika chini ya goti, pale mfupa unapobeba uzito. Walipasuliwa siku moja, mifupa ikafungwa kwa vyuma na skrubu.

Nikawa nazunguka kati ya wodi ya wanawake na ya wanaume, roho mkononi.

Daktari wa mifupa alinieleza kila kitu, lakini mimi nilikuwa natazama mikono yake tu, kama inatetemeka. Kichwani nikabaki na yangu: mzee apumzike, kijana ajikaze. Nyumbani si ndivyo tunavyofanya? Kwa hiyo asubuhi ya kwanza mtu wa mazoezi alipoleta fremu ya kutembelea, nilisimama mbele ya kitanda cha Bibi.

"Mwacheni mama yangu. Amechoka."

Akaandika kitu kwenye faili, akaondoka. Nikaenda kwa mwanangu. Alitaka kujaribu kusimama, nikampa bega. Nesi alitukuta mguu haujagusa sakafu bado.

"Mama, unataka chuma kipinde? Huyu hakanyagi wiki nane. Wa kusimama ni bibi yake."

Nikamlaza mwanangu tena kitandani.

Kesho yake Bibi alianza kukohoa. Pumzi zilikuwa fupi fupi, nami nazihesabu. Daktari akamsikiliza mgongoni, kisha akanieleza polepole, safari hii nikimtazama mdomo: mzee akilala hivi, mapafu yanajaa, damu inaweza kuganda miguuni. Chuma chake kiliwekwa ili akanyage.

"Leo lazima atoke kitandani."

Nikaogopa akilala, nikaogopa akisimama. Na siku moja nzima nilikuwa nimeipoteza mimi.

Mtu wa mazoezi alirudi na fremu yake. Tukamkalisha Bibi ukingoni mwa kitanda, nikamkumbatia kiuno.

"Unanishika kama mwizi wa kuku," akasema.

"Nisamehe, mama. Naogopa."

"Unaogopa nini? Mguu ni wangu." Lakini alikuwa ameikaba fremu kwa mikono miwili. "Tukianguka hapa, wewe utakuwa wa tatu. Nani atatuletea chakula?"

Akainuka. Akakanyaga. Nilitega sikio nikingoja mfupa ulie, nikasikia pumzi zake tu. Hatua ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu goti likacheza, jasho likamtiririka shingoni.

"Basi, jamani, akae," nikasema.

"Nani kasema basi?"

Akapiga ya nne, akafika kwenye kiti. Alipoketi akakohoa kikohozi kizito, akatema kohozi kwenye kitambaa. Mtu wa mazoezi akasema hicho ndicho alichokuwa anakitaka, na jioni watarudia.

Jioni tena.

"Niachie sasa, mwanangu," Bibi akasema. "Nimeshakaa."

Nilimsikia. Mikono ndiyo iliyokataa.