Mwaka Ambao Eloisa Alibaki

Eloisa Cantú alimaliza chuo kabla ya kumaliza sekondari. Msishangae, huku kwetu kusini mwa Texas, karibu na mto wa mpakani, ni jambo la kawaida. Mtoto wa miaka kumi na sita asubuhi yuko darasani sekondari, mchana yuko chuoni na watu wenye ndevu, na alama anazopata zinahesabiwa pande zote mbili. Leo Eloisa ni mpimaji wa maji wa wilaya, mwanamke mkimya anayeshinda amevaa buti. Lakini kuna mwaka ambao nusura yote yaharibike.

Familia yao ilikuwa ya wavunaji. Kila mwisho wa Aprili baba yake, Ramiro, alipakia mkewe Nieves, watoto na masufuria garini, wakaenda Michigan kukata asparagasi, mboga isiyomngoja mtu: ikichipuka leo, kesho imeshapita. Shule zilikuwa hazijafungwa. Basi Ramiro alivaa kofia yake nyeupe, akawaendea walimu, akaomba watoto wapewe mitihani mapema. Hawakuwahi kumkatalia, maana nusu ya darasa nao walikuwa njiani.

Mwaka huo akaomba vilevile, akakubaliwa, akadhani yamekwisha. Wengi wa kwetu wamejikwaa hapo hapo. Mwalimu wa sekondari hana sauti katika mambo ya chuo, na mtihani wa biolojia wa chuo ulikuwa katikati ya Mei, tarehe isiyosogezwa kwa ajili ya mavuno. Asiyekuwepo na lake halipo. Eloisa angeandikiwa kuwa ameanguka, na doa hilo lingemfuata mpaka ukubwani. Alipoyasema hayo mezani, kaka yake Beto akamchokoza, "Profesa anatukimbia kazi." Hakuna aliyecheka.

Kwao kuacha mtoto nyuma hakukuwapo. Familia ilikwenda pamoja au haikwenda, na isitoshe mikono ya Eloisa ilikuwa myepesi kuliko ya Beto. Ramiro akakata shauri kwenda chuoni mwenyewe. Akaeleza shida yake kwa adabu zote. Karani, kwa adabu zilezile, akamjibu kwamba hawezi kuzungumza naye lolote kuhusu mwanafunzi huyo. Ndiyo sheria: ukishakuwa mwanafunzi wa chuo mambo yako ni yako, uwe na miaka kumi na sita au sitini. Mimi sheria hiyo inaniuma. Mtu amekulisha na kukuvisha, halafu anaambiwa dirishani kwamba hahusiki.

Alirudi akaketi jikoni na kofia yake kichwani. Nieves akamwekea maharage na chapati za mahindi, hakugusa.

"Wamesemaje, baba?" Eloisa akauliza.

"Wamesema mimi si mtu wa kuulizwa. Mambo ya huko ni yako."

"Mimi sikuwaambia waseme hivyo."

"Najua. Sasa sema mwenyewe, binti. Ukisema twende, twende. Ukisema unabaki, utalala kwa shangazi yako Chela. Sikulazimishi, wala sikusaidii kuchagua."

Eloisa hakuwahi kuachiwa kuamua hata viatu vya kuvaa kanisani. Aliogopa, na aliona aibu kana kwamba amemvunjia baba yake heshima, na bado alikitaka kile chuo kwa moyo wake wote.

"Nabaki," akasema. Ramiro akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kuangalia matairi.

Asubuhi ya safari gari lilikuwa limejaa mpaka juu. Kwetu msafiri hapandi gari kabla hajabarikiwa na anayebaki nyumbani. Kazi hiyo ilikuwa ya bibi, mama yake Ramiro, lakini tulimzika Januari. Shangazi Chela, aliyekuja kutoka kwake kumchukua Eloisa, akasogea, kwa kuwa ndiye mkubwa kwa umri. Ramiro akamshika mkono, akamrudisha taratibu. Akamwendea binti yake, akavua kofia, akapiga goti kwenye kokoto.

"Wewe ndiye unayebaki," akasema. "Tubariki."

Eloisa akachora msalaba kwenye paji la uso wa baba yake, na maneno yakampotea katikati. Ramiro hakuinuka. Aliinamisha kichwa akingoja amalize.