Nilivyomnyamazisha Baba Upendo

Ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, na nikiikumbuka bado nakasirika. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, mwalimu wa kwaya ya kanisa letu pale Manzese, na nilimfanyia mtu mzima jambo ambalo jana, mwanangu, nimesikia nawe umelifanya. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ningetukana.

Najua, hasira hasara. Lakini niache kwanza nikasirike, nasaha zitakuja.

Nimeambiwa ulimwita pembeni Mama Neema wa kwaya unayoiongoza, yule mama wa vitumbua aliyekuimbia hata siku ya ubatizo wako. Ukamwambia Jumapili avae sare, asimame mstari wa mbele, afungue mdomo ila sauti asitoe, kwa sababu imemkauka na kamera zitakuwepo. Eti picha ijae. Mama wa watu akasema haya, akaenda zake nyumbani. Nyie vijana mna nini lakini? Nani kakufundisha ujinga huo? Na hapo kidole kinanirudia mwenyewe, maana aliyekufundisha kuongoza ni mie.

Basi sikiliza.

Kwenye kwaya yangu alikuwepo mtu wa besi, ile sauti nzito ya chini, tukimwita Baba Upendo. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti kando ya Barabara ya Morogoro, na kelele za vyuma zilikuwa zimemla masikio. Ukimwamkia amekupa mgongo haitikii. Mtu asiyesikia vizuri hushuka sauti bila kujua, naye alikuwa anashuka taratibu, besi nzima inamfuata. Mie nilikuwa mwanamke wa kwanza kushika kwaya ile. Wazee wa kanisa walikuwa wameshasema kwaya kapewa mtoto aichezee, na mbele yetu kulikuwa na mashindano huko Kawe. Nilitaka kikombe ili niwafumbe midomo. Nikaishia kumfumba asiyehusika.

Wiki ya mwisho nilimfuata baada ya mazoezi, nikamgusa bega anitazame, nikamwambia, "Baba Upendo, siku ya mashindano fungua mdomo tu. Sauti usitoe."

Alinitazama midomo mpaka nikamaliza. Akasema, "Sawa, mwalimu," akaikunja karatasi yake ya nota, akaitia mfukoni. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini wangu siku ile ulivunja mtu.

Kawe tulifika tumependeza, vitambaa vya shingoni vimepigwa pasi. Ubeti wa pili umeme ukakatika, na kinanda kikanyamaza. Kumbe miezi yote ile nilikuwa nawafundisha watu kufuata kinanda, si mkono wangu. Sauti ya kwanza ikakimbia, ya tatu ikasimama, watu wakaanza kutazamana. Mmoja tu hakutikisika. Baba Upendo hakuwahi kukisikia kile kinanda vizuri tangu ajiunge, miaka yote alikuwa anasoma mkono wa anayeongoza, na hata pale macho yake hayakutoka kwenye vidole vyangu. Zamu ya besi ikafika. Nikampa ishara, nikamwomba kwa mkono, kwa macho, kwa kichwa. Akaingia palepale panapotakiwa, kwa mdomo. Sauti hakuna. Nikamwonyesha tena, toa, baba, toa. Akazidi kuupanua mdomo, jasho linamtoka, ananitii.

Tulishuka jukwaani wimbo haujaisha.

Jioni nikaenda kwake. Nilikuwa naenda kuomba radhi, lakini kiburi ni kiburi, nikaanza na habari za umeme. Mkewe, mama wa Kihaya asiyepandisha sauti hata akigombana, akanikatiza. "Mwalimu, mume wangu hasikii redio. Hasikii mahubiri. Mie mwenyewe naongea naye kwa mikono. Kilichokuwa kimebaki kwake ni kuufuata mkono wako akaimba na wenzake, nawe umemnyang'anya kwa ajili ya kikombe."

Hapo ndipo nikaomba radhi kweli. Baba Upendo akasema yameisha, akanimiminia chai. Jumapili akaja kama kawaida, akasimama mahali pake, akafungua mdomo, sauti asitoe. Nikamwambia imba, baba, nilikosa. Akacheka tu, akasema, "Nimeshazoea, mwalimu. Hivi siharibu." Ikawa hivyo Jumapili baada ya Jumapili, miaka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kisha mkewe akafariki. Tulimzika Kibamba, kwenye kiwanja walichokuwa wanajenga, na mie ndiye niliyeongoza kwaya. Wimbo alikuwa ameuchagua marehemu mwenyewe, una mahali besi inabaki peke yake. Palipofika nikamgeukia Baba Upendo, nikampa zamu yake mbele ya jeneza la mke wake. Akafungua mdomo. Mishipa ya shingo imesimama, machozi yanamtiririka, na hakusikika hata kidogo.

Mwanangu, baada ya hapo nimeongoza okestra yenye fidla na tarumbeta. Nimeongoza hata opera, mchezo unaoimbwa mwanzo mwisho, watu wakasimama kunipigia makofi, na wewe ulikuwepo ukilia kwa furaha. Hukujua kwamba nikigeuka kuwainamia nilikuwa natafuta uso wa Baba Upendo kati yao. Alikuwa ameshazikwa pembeni ya mkewe.

Sasa nasaha, nami nasema wazi usije ukajifanya hukuelewa. Mwongozaji hana sauti hata moja. Unachopunga pale mbele ni mkono mtupu, kila kinachosikika ni cha wenzio. Sauti ikichakaa, itafutie mahali: shusha wimbo, mpe mstari wa chini, mpe kiitikio. Kazi ndiyo hiyo, na ndiyo uliyoisomea. Kumsimamisha mtu awe picha si kazi, na jino la pembe si dawa ya pengo.

Leo Ijumaa. Mie neno nililomwambia Baba Upendo lilinishinda kuliondoa miaka yote, wewe una siku mbili. Kesho asubuhi nenda Manzese, Mama Neema akiwa bado anakaanga. Mpe shikamoo yake. Habari za kamera usizitaje kabisa. Mwambie umekosa, umwombe aimbe hapohapo mbele ya wateja, nawe uimbe naye hata wakuone chizi. Usiondoke mpaka umemsikia. Akikuambia yameisha, usimwamini. Mie niliamini, nikanywa chai.

Jumapili nitakaa benchi la mbele. Nikimwona mama yule kafungua mdomo na simsikii, nitakuja kukutoa pale mwenyewe, kamera zione.

Mungu aubariki mkono wako, mwanangu. Akuachie masikio yako mpaka uzeeni. Na siku mtakayonizika akujalie uongoze kwaya ambayo kila aliyefungua mdomo anasikika.