Ukuta Uliokandikwa Upande Wetu

Nyumba yetu ya mtaa wa Galbet iliteketea alasiri moja ya kiangazi, miaka ile ya tisini, upepo ukivuma kama umetumwa. Ya jirani haikuungua. Basi hapo ndipo tulipoanza kumshuku.

Alikuwa Mborana, fundi wa viatu, amekuja na mke na watoto kutoka pande za Wajir. Sisi ni Wasomali, kwa hiyo tulizungumza naye Kiswahili cha sokoni. Nyumba zote mbili zilikuwa za fito, tena zimekaribiana mno: ukipiga chafya huku, kule wanakuombea rehema.

Sasa sikiliza. Muda mfupi kabla ya moto, bwana huyo alikuwa ameukandika ukuta wake kwa nje, udongo mzito uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, mpaka akaziba ule mwanya wa chini ya mabati. Ukuta mmoja tu! Ule unaotazama kwetu. Kwingine kote fito zilikuwa nje. Nyumba yetu iliposhika moto, cheche zilirukia udongo ule, zikaacha madoa meusi, zikazimika. We! Nani hujenga hivyo kama hajui moto utatokea wapi?

Mama aliapa kuwa ni yeye aliyetuchoma. Nami nikamchukia yule mtu, hata kikohozi chake nilikichukia. Wazee wa mtaa wakakusanyika mbele ya ukuta, wakasema akishindwa kujieleza, ahame yeye na wanawe. Mkewe alishaanza kukunja mikeka.

“Kwa nini ukuta huu peke yake?” mzee mmoja akamuuliza.

Fundi akakwepa macho ya mama. Nikasema moyoni, haya, amekwisha!

“Huyu mama kila siku anamwaga jifu hapa kwa ua,” akasema polepole kwa lafudhi yake ya Kiborana, akionyesha ua wa miiba uliotutenganisha, sasa umebaki mkaa mtupu. “Jifu iko na moto ndani. Mimi naogoba kumwambia, yeye ni mkubwa kwangu. Na udongo yangu ilitosha hii ukuta tu.”

Kumbe siku zote hizo yeye ndiye aliyekuwa akitushuku sisi! Nikamgeukia mama nikingoja amrukie kwa maneno, maana hakuwa mtu wa kushindwa. Yeye alikuwa akitazama pale alipozoea kumwaga jivu.

Wazee wakamuuliza mama: huyu ahame?

“Abaki,” akasema. “Wa kuhama ni mimi.”

Nililia kwa hasira, nisijue nimkasirikie nani. Tukahamia Bura, na huko mama hakumwaga jivu kabla ya kulitia mkono wake kwanza.