Nilivitia Tiki Visanduku Vyote

Mjini kwetu kompyuta ikiugua ina dawa moja tu: kupiga windo. Ikiwa nzito, piga windo. Ikigoma kuprinti, piga windo. Ikiibwa, nadhani Kigoma yupo fundi atakayeshauri mwizi aipige windo, yaani kila kitu kifutwe, mfumo uwekwe upya, na picha za arusi yako ukazitafute akhera.

Mimi nilijiona si wa kundi hilo. Nina steshenari ndogo Kasingirima: kompyuta moja, printa moja, na mdomo unaotosha mtaa mzima. Wiki ile kompyuta ilijipakulia apdeti kubwa bila kuniomba ruhusa, ikala bando langu lote, ikajizima na kujiwasha ilivyotaka, kisha ikaniambia diski imejaa. Ilikuwa imejiwekea mfumo mpya na ule wa zamani imeuacha palepale, kama mtu aliyehamia nyumba mpya na kifusi cha ile ya kwanza. Printa nayo ikagoma.

Na nilikuwa na kazi ya mtu. Mama mmoja wa Ilagala, muuza dagaa, alikuwa amenitumia kwa WhatsApp picha ya risiti ya kodi ya marehemu baba yake, nimprintie. Risiti yenyewe ilikwenda na maji ziwa lilipopanda na kuingia ndani mwao. Huku mpakani, kabla hujapata kitambulisho cha taifa utaulizwa baba yako alizaliwa wapi na babu yako alizikwa wapi, na ukiwa na lafudhi ya Kiha utaulizwa tena, usije ukawa umevuka kutoka Burundi. Yeye alikuwa ameshaulizwa mara nne. Jumatatu alitakiwa kurudi ofisi ya vitambulisho na ushahidi wa karatasi, na ushahidi wake wote ulikuwa picha ile.

Jumamosi fundi simu wa jirani akachungulia. "Dada, hiyo piga windo tu."

Nilimcheka mbele ya wateja, kisha nikampa somo. Mafaili ya apdeti hayafutwi kwa mkono kama unafagia uani. Ukivamia folda za mfumo na kufuta kila unachokiona, kesho mashine haiwaki. Kwanza unaitumia siku kadhaa uone mfumo mpya unafanya kazi, maana ukishaufuta wa zamani hakuna kurudi nyuma. Unahakikisha hakuna apdeti iliyo katikati ya kujiweka. Unaomba Mungu umeme usikatike. Halafu unafungua programu ya usafi iliyomo humohumo kwenye mashine, unatia tiki kisanduku cha mfumo uliotangulia na cha mabaki ya apdeti, basi. Na vitu vya watu unavihifadhi kwenye flashi kwanza.

"Wewe umeshavihifadhi?" akauliza.

"Usinifundishe kazi," nikamjibu, na wateja wakacheka upande wangu.

Nikafungua programu ile ya usafi, ikaja orodha ya visanduku, kila kimoja na ukubwa wake pembeni. Sikusoma majina. Nilitazama tarakimu, na kila nilipotia tiki jumla ilipanda, nami nikapanda nayo. Nikavitia tiki vyote. Sasa, steshenari zetu zina desturi moja: kila anachotuma mteja kinadondokea kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, na kinakaa humo mpaka kiyama. Hakuna anayehangaika kumfungulia mteja folda yake. Folda hiyo ilikuwa mojawapo ya visanduku. Kompyuta ikawa nyepesi, nami nikatembea nikiwa nimevimba kichwa siku nzima.

Jumatatu asubuhi yule mama akaingia na khanga yake mpya. "Mwakeye, mwanangu." Nikaitikia salamu yake ya Kiha, nikakaa kwenye kiti, nikatafuta. Nikatafuta tena. Kwenye simu yangu mazungumzo ya wateja nilikuwa nimeyafuta Ijumaa, maana mimi ni mpenda usafi.

"Mama, nitumie tena ile picha."

"Nilishaifuta. Si wewe uliniambia simu imejaa, nipunguze vilivyokwisha fika kwako?"

Ni kweli nilimwambia. Nilimwita fundi, na kwa heshima yake hakunicheka. Akaweka programu ya kufufua vilivyofutwa, tukakaa saa mbili. Zikafufuka kadi za arusi, barua za kuomba kazi na tangazo la kuuza mashine ya boti. Risiti haikufufuka.

Mama hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliuliza jambo moja tu: "Wewe uliisoma?" Nikasema ndiyo, niliisoma, jina la baba yake na la kijiji yalikuwepo. Akasimama, akajifunga khanga vizuri. "Basi twende ukawaambie."

Nikafunga duka. Ofisini tulipanga foleni mpaka adhuhuri. Zamu yake ilipofika alinisogeza mbele kwa mkono wake, akasema, "Huyu ndiye ushahidi wangu."

Afisa akanitazama. "Wewe ni nani yake?"

Mdomo wangu wote ule ulinikauka. "Si ndugu yake," nikasema. "Mimi ndiye niliyemfuta baba yake."

Afisa hakuandika kitu. "Anayefuata," akasema.